Maji kwenye tangi la kushoto peke yake: ndege inalala nje Tanga, yanaingilia wapi?

#1 Mchunga_Mabawa
Wakuu, habari za jioni.

Naangalia ndege ya bosi, Cessna 172 toleo la N ya mwaka 1978. Inalala nje hapa Tanga, huu mwaka wa pili, hanga hatujapata. Ninayoyajua nimeyafanya: kamba tatu, mbili za mabawa na moja ya mkia, choki za kuzuia tairi mbele na nyuma, usukani una pini yake, turubai kuanzia kioo cha mbele hadi dirisha la nyuma, kila Jumamosi naiosha kwa mpira wa maji kutoa chumvi ya bahari.

Tangu vuli ianze, kila Jumatatu nikitoa mafuta kidogo kwenye gilasi napata maji tangi la kushoto. Siyo matone. Nusu kikombe cha kahawa, kile cha barazani. Mafuta ya bluu juu, maji chini, mstari unauona kabisa. Tangi la kulia, hata tone. Wiki inayofuata hivyo hivyo.

Rubani anakuja mara mbili kwa mwezi. Mimi silali vizuri nikifikiria siku nitakayopitiwa. Maji yanaingilia wapi, na kwa nini kushoto tu?

#2 Msafiri_wa_Kaskazi
Ni umande wa ndani ya tangi, mkuu. Tangi likikaa nusu, usiku hewa inapoa, unyevu unajikusanya ukutani na kutonea kwenye mafuta. Na kushoto kuna sababu: kwenye 172 tundu la kupumulia matangi liko chini ya bawa la kushoto, nyuma ya mhimili unaolishikilia bawa. Huko ndiko hewa ya bahari inakoingilia. Jaza matangi mpaka juu kila jioni ndege ikirudi. Kesi imekwisha.

#3 FundiSpana
Kesi haijaisha. Tupige hesabu. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu ina kama gramu 30 za maji kwa mita moja ya ujazo. Tangi moja la hiyo N ni lita 81. Likiwa nusu, juu ya mafuta kuna hewa lita 40. Ikamue hewa hiyo yote mpaka ikauke kabisa, unapata gramu 1.2. Kijiko cha chai hakijai. Na usiku wa Tanga haukaushi hewa, unashusha joto nyuzi chache tu.

Halafu mfuniko wa tangi la kulia kwenye toleo la N nao una tundu lake la hewa. Kwa hiyo hata kulia panapumua.

#4 Msafiri_wa_Kaskazi
@FundiSpana sawa, lakini inapumua kila siku. Mchana inatoa, usiku inavuta. Zidisha kwa siku saba.

#5 FundiSpana
Joto likipanda nyuzi 10, hewa inapanuka asilimia 3 hivi. Hiyo ndiyo pumzi yake ya siku, lita moja na kidogo. Zidisha kwa siku saba, zidisha hata kwa mwezi, nusu kikombe hukifikii. Ushauri wako wa kujaza matangi naukubali. Sababu ndiyo siikubali.

#6 BintiPangani
Angalia mipira ya mifuniko. Jua la pwani linaukausha mpira mpaka unakuwa mgumu kama kwato, unapasuka nyufa ndogo usizoziona mpaka uukunje kwa vidole. Mfuniko wa 172 umekaa juu ya bawa, mvua inapita hapo hapo. Turubai lako linafunika kibanda cha abiria tu, mabawa yako wazi. Kwetu ndege ilikuwa 206, tukahangaika miezi miwili, mwisho tukabadilisha vipira viwili vya bei ya chapati.

#7 Jongoo_wa_Reli
Samahani kuuliza: mlinzi wa usiku ni nani? Mafuta ya ndege ni ghali. Mtu akitoa lita tano na kurudishia maji kidogo ya bombani, gilasi yako itaonyesha hivyo hivyo. Na mwizi hutumia bawa lililo gizani.

#8 Mchunga_Mabawa
@Jongoo_wa_Reli mlinzi ni baba yangu mdogo, alinilea. Ila nimepima kwa kijiti cha mafuta jioni na asubuhi siku nne. Hakuna kilichopungua.

#9 Jongoo_wa_Reli
Basi nisalimie baba mdogo, namuomba radhi.

#10 Mzee_wa_Mapipa
Kijana, mafuta mnayanunua wapi? Kama ni ya pipa, nisikilize. Pipa likisimamishwa wima nje, mvua inajaa pale juu kwenye kisahani. Usiku pipa linapoa, linavuta pumzi kupitia kizibo, na maji yanavutwa nayo hata kizibo kikiwa kimekazwa. Pipa hulazwa ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, kimoja kushoto na kimoja kulia kama mishale ya saa tatu na robo, ili mafuta yenyewe yazibe kwa ndani. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi kwenye viwanja vya porini.

Swali la pili: ukijaza unaanza bawa gani?

#11 Mchunga_Mabawa
Shikamoo mzee. Ni ya pipa, na mapipa yamesimama wima. Naanza kushoto siku zote, pampu ya mkono inakaa upande huo.

#12 Mzee_wa_Mapipa
Marahaba. Basi umejijibu. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanakaa chini ya pipa, na bomba la pampu linanyonya chini. Ya kwanza kutoka ndiyo yenye maji, na ya kwanza inakwenda kushoto. Weka faneli yenye kichujio, pandisha bomba kiasi cha vidole vinne kutoka chini ya pipa, na lita ya mwanzo imwage kwenye ndoo uitazame.

#13 KijanaWilson
Hiyo ya mzee ni nzito, wadau. Lakini jamaa amesema anapata maji kila Jumatatu, na rubani huja mara mbili kwa mwezi. Kama hajajaza mafuta katikati, hayo maji ya wiki isiyo na safari yametoka pipa gani?

Anaosha Jumamosi, anapima Jumatatu. Mimi naona ni ule mpira wa maji. Anapiga presha juu ya bawa, maji yanapita kwenye mfuniko.

#14 Mchunga_Mabawa
Nimesoma hiyo nikasimama. Naanza kuosha bawa la kushoto kweli, na hapo ndipo presha inakuwa kubwa.

#15 BintiPangani
@KijanaWilson mpira wa mfuniko ukiwa mzima maji ya kuosha hayapiti. Tumerudi kwangu.

#16 MwanaKatani
Hamjagusa kamba, na ndizo zitakazoipoteza hiyo ndege kabla ya maji. Uko Tanga, tumia kamba ya katani. Mkonge uliletwa hapa mwaka 1893 na Mjerumani Hindorf, miche 62 tu iliyosalia hai, na mpaka leo kamba yake haina mpinzani.

#17 Nahodha_Msasani
Katani ni yetu na naipenda, lakini siyo kwa ndege. Katani ikilowa inafupika. Umeikaza jioni kavu, usiku mvua imepiga, asubuhi kamba imevuta bawa chini kama mshipi wa mtumbwi. Ikikauka inalegea, na inaoza kwa ndani bila wewe kuona. Nailoni ndiyo hukubali kunyooka kidogo bila kukatika. Adui yake ni jua, ibadilishe ikianza kutoa manyoya. Acha ulegevu kama upana wa vidole viwili, funga fundo la kitanzi kisichoteleza, lile la kufungia mashua.

#18 MwanaKatani
Hata vitabu vya ndege vinataja manila.

#19 Nahodha_Msasani
Manila ya vitabuni inatokana na mmea wa Ufilipino, ndugu yake mgomba, na vitabu hivyo hivyo vinasema inafupika ikilowa. Manila ya dukani Tanga ni plastiki. Jina moja, kamba mbili tofauti.

#20 FundiSpana
Kwa anayedhani kamba ni ya mapambo: nguvu ya upepo kuinua bawa hupanda kwa mraba wa mwendo wake. Mabawa ya 172 yana mita za mraba 16. Upepo wa noti 60 (kama kilomita 110 kwa saa) usoni, pua ikiwa imeinuka, unaweza kuvuta juu karibu kilo 900. Ndege tupu ina kilo 650 hivi. Upepo wa noti 30 ni robo ya hapo. Ndiyo maana watu hudanganyika: miaka mitatu hakuna kitu, halafu jioni moja ndege iko chali. Na nanga ya chini iwe na uzito. Pipa la lita 200 lililojazwa zege ni karibu kilo 480, lizikwe. Kigingi kwenye mchanga mkavu kinang'oka kama muhogo.

#21 Kisiwa_Mafia
Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja upande wetu, sisi hatukufunga kamba ya ziada. Tulisikia tahadhari ya hali ya hewa, tukarusha ndege mapema kwenda bara, mbali na njia yake. Wazee wa Lindi wanakumbuka cha mwaka 1952. Kwa upepo wa namna hiyo ndege haifungwi, inahamishwa.

#22 Muscat_Mswahili
Salamu kutoka Oman. Huku mvua siyo shida, jua ndilo. Kioo cha mbele cha ndege hizi ni plastiki ya akriliki, jua linakitia nyufa nyembamba kama nywele. Kava ni lazima, lakini liwe la kitambaa laini chenye kupumua. Turubai la lori, na vumbi la chumvi chini yake, upepo ukilitikisa usiku kucha linasugua kioo kama msasa. Na usisafishe kwa dawa ya vioo vya nyumbani yenye amonia.

#23 Mchunga_Mabawa
Langu ni la lori. Na kweli kuna mawingu kwenye kioo upande wa kulia. Rangi nayo imeanza kututumka chini ya turubai, vijistari kama njia za minyoo.

#24 FundiSpana
Hivyo vijistari ni kutu inayotembea chini ya rangi. Chumvi inanyonya unyevu wa hewani yenyewe, unyevu ukipita asilimia 75 chumvi inageuka maji. Turubai lisilopumua linaufungia humo. Unaiosha Jumamosi kisha unaifunika ikiwa mbichi?

#25 Mchunga_Mabawa
Ndiyo, naifunika hapo hapo, vumbi lisirudi.

#26 Muscat_Mswahili
Iache ikauke mpaka saa kumi, ndiyo uifunike.

#27 Rangi_na_Bodi
Mimi napiga rangi. Hapo nasema tofauti. Kutu ya minyoo inaanzia kwenye maandalizi. Kama bati halikusafishwa na kutiwa dawa kabla ya rangi ya chini, hata ndani ya hanga ingetoka. Turubai limeharakisha tu. Uliza lini ilipigwa rangi na nani.

#28 Mara_Porini
Nyie mna maji, sisi tuna fisi. Ndege ikilala kiwanja cha porini tunazungushia tairi matawi ya miiba, la sivyo asubuhi unakuta tairi limetafunwa. Na nyigu wa tope: siku moja tu bila kifuniko kwenye bomba la kupimia mwendo wa ndege, ameshajenga. Msicheze na hilo. Kuna Boeing 757 ilianguka Peru mwaka 1996 kwa sababu ya nyigu, walikufa watu 189.

#29 KijanaWilson
Umechanganya mbili, kaka. Ya watu 189 ni Birgenair, iliondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, Februari 1996. Mabomba yenyewe hayakupatikana baharini, wachunguzi walisema yaelekea ni nyigu, kwa kuwa ndege ilikaa chini bila vifuniko. Ya Peru ni Aeroperú, Oktoba mwaka huo huo, watu 70. Hiyo waliiosha, wakaziba matundu ya hewa kwa utepe, wakasahau kuutoa. Zote 757, ndiyo maana watu huzichanganya.

#30 Mara_Porini
Asante kwa kunisahihisha. @Mchunga_Mabawa nawe unaosha kila wiki, soma hiyo ya pili mara mbili.

#31 Kericho_Juu
Huku kwetu ni mvua ya mawe. Turubai halisaidii chochote, bawa linabonyea kama sufuria. Tulijenga banda la nguzo na neti ya kivuli, ile ya wakulima wa maua, tabaka mbili. Jiwe likipita limeshapungua nguvu. Kwa jua pia inasaidia.

#32 BintiPangani
Pwani watu wamejaribu banda la makuti. Kivuli kizuri, lakini panya, popo, na moto. Usiweke mafuta ya ndege chini ya makuti.

#33 Kivu_Yetu
Wandugu, mie nilikuwa Goma zamani. Kule moshi wa volkano ya Nyiragongo unaingia mu mvua, maji yanakuwa na asidi, inakula rangi na chuma. Tulikuwa tunaosha ndege kila kisha mvua. Kuosha si kubaya, ni namna ya kuosha.

#34 Mwalimu_Kiwanja
Nimesoma yote toka juu. Kuna jambo moja hakuna aliyeuliza: ndege imesimama sawa?

Mabawa ya 172 yameinuka kuelekea ncha, chini kidogo ya nyuzi mbili. Ndiyo maana tundu la kutolea maji limewekwa upande wa ndani wa tangi, karibu na mwili wa ndege: hapo ndipo chini. Sasa ndege ikiegemea kulia zaidi ya hizo nyuzi, chini ya tangi la kulia kunahamia upande wa nje. Maji yanalala huko, mbali na tundu. Unatoa gilasi, inakuja safi, unafurahi. Rubani anawasha, anakwenda kwenye njia, anaruka, ndege inanyooka, maji yanateremka kwenye bomba la injini mko futi 300.

Nyote mmeshughulika na tangi la kushoto. Mimi la kulia ndilo linalonitisha.

Toeni pia mazoea ya kutazama mstari tu. Gilasi ikijaa maji matupu hakuna mstari. Tafuta ile bluu, nusa, mwaga tone kwenye kiganja.

#35 FundiSpana
Mwalimu, heshima. Nimepiga hesabu zote hilo likanipita.

#36 Mchunga_Mabawa
Wakuu nimetoka uwanjani sasa hivi. Nimeazima pimamaji ya fundi mwashi na ubao mrefu. Tairi la kulia limekaa kwenye kishimo, liko chini ya la kushoto kwa sentimita 11. Mwaka mzima nimeegesha hapo kwa sababu ndipo palipo na nanga.

#37 FundiSpana
Tairi hadi tairi ni mita 2.5. Sentimita 11 ni nyuzi mbili na nusu. Umepita zile nyuzi za bawa.

#38 Mwalimu_Kiwanja
Usiruhusu iruke. Isukumeni kwenye sakafu iliyo sawa, tikiseni mabawa taratibu, shusheni mkia kidogo, ngojeni nusu saa, kisha toa.

#39 Mchunga_Mabawa
Tumefanya, mimi na baba mdogo. Tangi la kulia limetoa maji, robo ya kikombe, na vijichembe vyekundu kama kutu. Nilikaa chini kwenye nyasi. Ijumaa iliyopita bosi alipanda na watoto wake wawili.

#40 Mzee_wa_Mapipa
Pole kijana, na umefanya vyema. Kutu nyekundu siyo ya aluminiamu. Ni ya pipa.

#41 KijanaWilson
Inaweza kuwa ya cheni ya mfuniko pia, mzee, kama ni ya chuma. Pipa halijathibitika.

#42 BintiPangani
Mipira ya mifuniko uliikunja?

#43 Mchunga_Mabawa
Nimeikunja. Wa kushoto una nyufa mbili, wa kulia umeanza. Kwa hiyo dada nawe hukukosea. Nimebadilisha yote miwili, mapipa nimeyalaza, nimenunua faneli yenye kichujio, mpira wa maji sipitishi tena karibu na mifuniko, nafuta kwa kitambaa. Ndege nimeihamishia kwenye sakafu iliyo sawa, nanga mpya tunachimba kesho.

#44 Msafiri_wa_Kaskazi
Na kila mfuniko urudi tangi lake. Ule wenye tundu la hewa ukibadilishana na mwenzake tangi la kulia litakosa tundu lake la hewa. Na ukiegesha, swichi ya matangi usiiache kwenye "yote mawili", iweke upande mmoja. Vinginevyo mafuta yanahama kutoka bawa la juu kwenda la chini, na ikifurika yanamwagika nje.

#45 FundiSpana
Umebadilisha vitu vitano kwa siku moja. Sasa maji yakikoma hatutajua kilichokuwa kinaleta ni kipi.

#46 Mchunga_Mabawa
@FundiSpana mimi natafuta watu wasianguke. Cha kujua kitasubiri.

#47 Kamshafti_320
Naongeza moja kabla uzi haujalala. Injini ya hiyo N ni Lycoming O-320, kamshafti (mhimili unaofungua vali) iko juu ya krankshafti (mhimili mkuu wa injini). Ndege ikikaa wiki mbili oili yote imeteremka, kamshafti inabaki kavu, na kwa hewa ya Tanga kutu inapanda. Msiwashe dakika kumi pale pale chini mkidhani mnaisaidia. Oili haifiki joto la kukausha unyevu, mnaiongezea maji tu. Iruke angani nusu saa au zaidi, oili ipite nyuzi 74, au isiwashwe. Na oili ibadilishwe kila miezi minne hata kama saa hazijafika.

#48 Mchunga_Mabawa
Bosi huwa anakuja kuiwasha Jumapili akiwa na wageni. Nitamwonyesha hapa.

#49 Mchunga_Mabawa
Taarifa, wiki ya pili. Kushoto pakavu, kulia pakavu, ndege imesimama sawa, nimepima kwa pimamaji kila mara. Nimemweleza rubani na bosi yote, na ile ya tangi la kulia.

#50 KijanaWilson
Hongera. Mvua ilinyesha?

#51 Mchunga_Mabawa
Haikunyesha. Na mafuta mapya hatujajaza.

#52 FundiSpana
Basi bado tuko palepale.

#53 Rangi_na_Bodi
Na ile rangi ulifuatilia? Ilipigwa lini?

#54 Mchunga_Mabawa
Bado, vitabu vya ndege viko kwa bosi. Wakuu, mvua imeanza sasa hivi, kubwa, inapiga bati mpaka simsikii mtu. Alfajiri nakwenda na gilasi.

#55 Mwalimu_Kiwanja
Beba na pimamaji.